Shukrani za Wapika Pombe kwa Karani Ubaldo

Mheshimiwa Bwana Shauri, mkuu wa wilaya, Mtemi wetu, mabwana wa mgodini, mashehe na mapadri, ndugu wageni waalikwa, na wewe Bwana Ubaldo unayestaafu leo baada ya miaka kumi na minne ya kutoa vibali hapa Mpanda, shikamooni.

Naitwa Kasilda binti Evarist, napika pombe ya ulezi pale kilabuni. Wenzangu wamenituma nimsifu karani, nami nimekuja kusifu.

Nani hapa hajui alivyo mwangalifu? Mume wangu alipokwenda Tanga kukata mkonge, akaniachia watoto watatu na ahadi ya barua, nilikwenda kwa karani kuomba kibali cha kuuza pombe. Akaniuliza, "Mama, mwanamume wa nyumba ni nani?" Nikamjibu hayupo. Akanieleza, kwa upole wake tunaoujua, kwamba kibali huandikwa jina la mwanamume, basi. Mgongoni nilikuwa na Damiano, miezi saba. Nikasema, "Mwanamume ni huyu hapa." Bwana Ubaldo akamtazama, akachovya kalamu, akaandika.

Tangu siku hiyo, ndugu zangu, kibali changu kikawa cha mtu anayenyonya. Wenye vibali walipoitwa kuonywa juu ya usafi, Damiano alihudhuria, akalala mwanzo hadi mwisho, na karani akaandika kwamba mwenye kibali ameelewa. Je, wazee wangapi wa baraza wamewahi kumshinda?

Mimi niliyeloweka ulezi, nikauotesha, nikausaga, nikakata kuni na kuchota maji, kwa maandishi ni mbebaji tu wa mwenye mali. Lakini ni kwa pombe hiyo Generosa, mkubwa wa watoto wangu, anasoma shule, na wadogo zake wanalala wameshiba.

Sasa shemeji yangu Krispini, ambaye kwa miaka minne hajatuletea hata kibaba cha unga, amegundua kwamba mwenye kibali ni mtoto, na mtoto huyo ana baba mdogo. Ameomba kibali kihamie kwake mpaka Damiano akue. Bwana Ubaldo, kwa kuwa hawezi kuvunja utaratibu, amekubali. Karatasi iko tayari, itagongwa muhuri jioni hii kabla hajarudisha funguo za ofisi.

Krispini ameniambia, "Shemeji usiwe na wasiwasi, wewe utapika, mimi nitauza." Wahenga walisema mchumia juani hulia kivulini. Mimi niko juani, yeye kivulini anatandika mkeka. Ada ya Generosa nitamwomba nani? Nasema bila kuficha, nimekasirika, na pia naogopa.

Wageni wetu, nyie mna kiu, nawaona. Mitungi kumi na miwili ya sherehe hii iko nyuma ya jengo, na kwa sheria ni mali ya Damiano. Asubuhi nimemuuliza kama niwagawie bure. Amekataa. Lakini kibali kikiandikwa jina langu, hapa, mbele ya Bwana Shauri, mwenye mali nitakuwa mimi, nami si mchoyo.

Bwana Ubaldo, wino upo mezani. Nawashukuru wote kwa kunivumilia hadi hapa. Mtanikuta kwenye mitungi.