Mchele Niliouonea Aibu

Wazee wangu shikamooni, na ninyi wengine nawasalimu kwa jina la Bwana. Mmeniona nikiweka bakuli pale altareni, nami nimewaona mlivyochungulia. Huo ni mchele. Haujaoza wala haujaungua. Ndivyo ulivyo, mweusi, na leo siku ya mavuno nimeomba niwaambie ulikonipitisha. Majina sitaji. Mji wetu huu wa Soni ni mdogo, mtajitajia wenyewe.

Marehemu mume wangu aliniachia majaruba ya mpunga kule bondeni, Mazinde. Matanga hayajapoa, mtu mmoja wa ukoo akasimama mbele ya wazee akasema, "Tunampa msimu mmoja. Asipovuna kitu cha maana, shamba lirudi kwa wenyewe." Wenyewe! Mimi niliyesimama kwenye tope lile miaka yote ya ndoa yangu, leo nimekuwa mgeni.

Basi nikatafuta kitu cha maana. Mwanamke mmoja wa bondeni aliyekuwa anahama aliniachia mbegu ya mpunga mweusi, yote aliyokuwa nayo. Mnunuzi kutoka Tanga akaahidi kuuchukua wote. Nikapandikiza. Majani yakatoka ya zambarau, wapita njia wakasema shamba limeingia ugonjwa. Mama mkwe alipoyaona alinigeukia: "Mwanangu tumemzika juzi, wewe unapanda msiba shambani kwake?" Nilimjibu vibaya, ndugu zangu. Tangu siku hiyo tukaacha kusemezana.

Siku ya kuvuna alikuja bila kuitwa. Akakata masuke ya kwanza, akayafunga fungu, akapanda nayo huku juu mlimani kuyaning'iniza jikoni kwake, penye moshi, kama walivyofanya bibi zetu. Hayo hayaliwi, hayakobolewi. Nikamcheka. Nikasema bibi huyu anapoteza mpunga wangu kwa mambo ya kizamani.

Sasa sikilizeni ujinga wangu. Nilipofika mashineni kukoboa, gunia la kwanza likatoka jeusi tii. Wanawake waliokuwa kwenye foleni wakapiga kelele: "Huo mchele umeoza! Utatuchafulia wetu!" Nikaona aibu, nawaambia ukweli. Aibu iliyonishika ni kama nimevuliwa nguo. Kijana wa mashine akanihurumia, akasema, "Mama, nikiupitisha mara mbili tatu utakuwa mweupe." Nikamwambia upitishe. Wote. Ukatoka mweupe wa kupauka, umekatikakatika, na mimi nikarudi nyumbani kifua mbele. Zile pumba nyeusi wakala nguruwe.

Mnunuzi alikuja, akafungua gunia, akanitazama. "Mama, mchele mweusi uko wapi?" Nikamwonyesha. Akachota kiganjani, akaurudisha taratibu. "Weusi wote ulikuwa kwenye ngozi yake. Mmeutupa." Akapanda gari akashuka zake Mombo.

Wazee wakakaa tena. Majaruba ya juu, yanayopata maji kwanza, yakachukuliwa. Nikabakiziwa ya chini, maji yakifika yamechoka. Aliyechukua tunasali naye, na Jumapili iliyofuata alinipa mkono wa amani. Nilioupokea ulikuwa mkono tu. Mbegu sikuwa nayo hata punje, maana nilikoboa yote. Nikajifungia ndani. Chakula sikitaki, watu siwataki, na Mungu, anisamehe, naye sikumtaka.

Ndipo mama mkwe akabisha hodi. Hatujasemezana tangu siku ile ya majani ya zambarau. Hakunipa pole, wala hakunisuta. Akaweka mezani lile fungu, limeiva kwa moshi, punje zote zimo. Akasema, "Panda kwenye majaruba hayo ya chini." Akaondoka.

Nikalia hadi nikanyamaza mwenyewe. Nikapanda. Fungu lilikuwa dogo, likatosha kipande kama ukumbi wa nyumba, lakini msimu uliofuata likajaza majaruba yote niliyobakiziwa. Mama mkwe hakuuonja. Alifariki mpunga unachanua, na neno la "nisamehe" bado ninalo mdomoni. Hilo haliponi, msinidanganye kwamba litapona.

Namshukuru mama yule. Namshukuru kijana wa mashine, ambaye sasa ananikobolea mwisho wa foleni, mara moja tu, ganda likitoka anazima. Nawashukuru na ninyi mliokaa nami kimya bila kunihubiria. Na kama kuna fundisho, ni hili: ulichopewa na Mungu usikikwangue ngozi kwa sababu foleni imecheka.

Nimalizie. Juzi yule aliyechukua majaruba ya juu alikuja kwangu, kofia mkononi, kuomba mbegu. Roho yangu haijatulia, nisiwadanganye hapa mbele ya altare. Lakini nilipanda juu ya kigoda, nikafungua fungu ambalo sasa nami nalining'iniza juu ya jiko langu, nikamgawia nusu. Mimi nilipewa nikiwa sisemi na aliyenipa.