Theonest Jilala, Aliyegonga Kuta Kabla ya Kuziamini

Leo, Jumatano tarehe 11 Septemba 1957, hapa Didia, tunamlaza kaka yetu Theonest Jilala, mtu ambaye kwa miaka arobaini na minane hakujua kukaa. Mimi mdogo wake, Eustace, nimepewa na ukoo kazi ya kueleza maisha yake. Nitasema kweli hata pale inaponigusa mwenyewe, kwa maana kudanganya mbele ya kaburi ni dhambi ya kijinga.

Marehemu alizaliwa hapa Didia tarehe 3 Februari 1909, mtoto wa kwanza wa mzee Jilala na mama Zipora. Mama alikuwa akisimulia kwamba mtoto huyu, alipoanza tu kutembea, alitumbukia katika chungu cha uji uliopoa, akatoka, akaendelea na safari yake.

Alisoma shule ya misheni tangu 1919 hadi 1923. Cheti chake kipo, na mwalimu aliandika maneno matatu: “Ana akili, hakai.”

Mwaka 1936 alikwenda Geita kwa miguu, akafanya kazi chini ya ardhi katika machimbo ya dhahabu kwa miaka kumi na mitano. Huko alifundishwa kugonga mwamba kwa mtaimbo kabla ya kusimama chini yake. Mwamba mzima hulia kama kengele. Mwamba ulioachana na mwenzake hulia kama ngoma, na anayesikia ngoma akaendelea kuchimba, mlima umekwisha kumzika.

Tarehe 18 Juni 1938 alimwoa Melania binti Mageni, wakajaliwa watoto wanne.

Mwaka 1949 alitaka kuwajengea nyumba ya matofali ya kuchoma na mabati, ili mama yetu mzee na watoto watoke katika nyumba za nyasi. Yeye alikuwa Geita, hivyo aliniandikia barua nimchagulie fundi mwaminifu. Nilimchagua Donatus. Hakunywa pombe, aliongoza sala za Jumapili, na hakuna aliyewahi kumsikia akitukana. Sikwenda kutazama hata ukuta mmoja aliojenga. Nilitazama magoti yake, sikutazama mikono yake.

Donatus aliweka msingi kwenye ardhi nyeusi ya mbugani, karibu na kisima, nami nikakubali. Kila aliyechunga ng'ombe hapa anajua kwamba ardhi ile huvimba wakati wa mvua na kupasuka wakati wa kiangazi. Babu zetu hawakusimamisha hata kibanda pale. Lakini tulidhani ujuzi wa babu ni wa nyumba za nyasi, na kwamba matofali na mabati yana elimu yake.

Tarehe 6 Desemba 1950 mama yetu Zipora alifariki ndani ya nyumba hiyo. Mvua zilikuwa zimeanza, nyumba imekaa upande, fremu ya mlango imebanwa. Jeneza halikupita. Ilibidi liinamishwe ubavu, na sote tuliosimama pale tulisikia mwili wa mama ukiteleza ndani ya mbao. Theonest aliyekuja kuzika alisikia. Tangu siku hiyo hakutulia tena.

Jumapili tarehe 22 Aprili 1951, Donatus akiwa anaongoza sala, ukuta wa jikoni ulianguka ukamvunja Melania mguu. Mnamwona anavyotembea hadi leo. Donatus alikuja jioni, akasema, “Ndugu zangu, ni mapenzi ya Mungu.”

Theonest akamjibu, “Usimsingizie Mungu. Timazi ulishika wewe.”

Aliacha kazi Geita, akapanda baiskeli, akaanza kutafuta fundi. Alitafuta kwa miaka minne. Aliingia Shinyanga, Kolandoto na Kahama akigonga kuta za watu kwa kipande cha chuma na kutega sikio. Wengine walimdhania mchawi. Mjini Shinyanga mama mmoja mwenye mgahawa, Bi Mwanaima, alimkuta ameegemeza sikio ukutani kwake.

“Baba, ukuta wangu una homa?”

“Nasikiliza tu, mama.”

“Ukikwambia wanaokula bila kulipa, uniambie na mimi!”

Hata Melania alimtania kwa uchungu: “Baba Limi, umeoa kuta. Mimi nitalala wapi masika haya?” Swali hilo lilikuwa la haki. Watoto walikuwa wamerudi kwenye nyasi, na Theonest mwenyewe alikuwa ameanza kukohoa. Alijua hana miaka mingi ya kukosea.

Mwaka 1955 aligonga ukuta wa nyumba ya mfanyabiashara mmoja wa Kahama. Nyumba nzima ililia kengele, isipokuwa kona moja iliyolia ngoma. Aliuliza aliyeijenga. Akaelekezwa kwa Kalisti, fundi mwashi, Msumbwa wa Ushetu, akamkuta kilabuni na kata ya pombe mkononi.

“Kona ya nyuma ina kasoro,” alimwambia.

Kalisti akaweka kata chini. “Upande wa shimo la taka? Ndiyo. Siku ile niliharakisha udongo haujakolea maji. Mwenye nyumba nilimwambia, akasema upande huo hauonekani. Mimi nauona.”

Theonest alirudi akatangaza kwamba fundi amepatikana. Nilimkatalia mbele ya wazee.

“Mlevi, kaka? Nyumba ya watoto wako?”

“Eustace, wewe ulinipa mtakatifu. Mafundi ishirini na watatu nimewauliza habari za kuta zao, na huyu peke yake ndiye aliyekubali kosa.”

Kalisti alipoonyeshwa kiwanja cha zamani alichukua donge jeusi, akalivunja, akafuta mikono. “Hapa sijengi. Tafuteni mwingine.” Akatupandisha juu, kwenye luseni, ardhi ya mchanga tunayolima karanga, nasi tukachimba msingi huko. Kisha akauliza mlango uwe na upana gani.

Theonest alisema, “Jeneza lipite limelala, na wabebaji wawili bega kwa bega, mtu asiinamishwe.”

Kalisti hakucheka wala hakuuliza. Alikata utete kwa kipimo hicho, akauchomeka kiunoni.

Nilikwenda kila siku na pima maji yangu, nikitafuta kosa. Sikulipata, na nakiri mbele yenu kwamba nilikasirika kwa kutolipata. Kalisti ni mkubwa kwangu kwa miaka mingi, lakini kwa miezi ile yote sikumpa shikamoo. Ulevi nitaukemea hadi nife. Ila kumnyima mtu heshima ya kazi yake ni wizi, nami niliufanya.

Nyumba ilikamilika tarehe 29 Oktoba 1955. Marehemu aliendelea kuigonga kila asubuhi, ukuta kwa ukuta. Mwaka 1956 kifua kilimzidi, akalazwa hospitali ya Kolandoto mara mbili, akauguzwa vizuri. Agosti mwaka huu aliomba arudishwe nyumbani na kitanda chake kisogezwe ukutani. Asubuhi ya Jumatatu tarehe 9 Septemba aligonga kwa kidole, mara moja, akamwambia Melania, “Mzima.” Kisha akaacha mkono wake hapo. Alifariki kabla ya saa sita mchana.

Ameacha mjane, Melania, watoto Limi, Selestine, Philomena na Sikujua, wajukuu wawili, na mimi mdogo wake. Ameacha pia nyumba.

Maneno haya niliyaandika jana, kabla hajatolewa ndani. Sikwenda kuupima mlango. Niliandika kwamba kaka yangu angetoka amelala kama alivyolazwa, na leo asubuhi mmeona wenyewe.

Kaburi hili amelijenga Kalisti kwa matofali yaliyobaki ya nyumba aliyomjengea. Nilimkuta shimoni jana, nikampa shikamoo. Aliitika, “Marahaba,” bila kuinua kichwa, maana alikuwa anatazama timazi. Nikaondoka, sikumsimamia.

Tulia sasa, kaka. Mungu akupe amani yake, na hapa ulipo usigonge kitu.