Ng'ombe Niliyemtolea Shukrani Kabla Hajafika

Bwana asifiwe, akina mama. Sitakaa sana hapa mbele. Mnanijua, kutulia siwezi, hata ibada ikirefuka kidogo mimi ndiye ninayetoka nje kuangalia kama mvua imeanza. Lakini leo nimeomba nafasi mwenyewe, kwa sababu ushuhuda nilioutoa hapa mwaka jana ulikuwa na kasoro na ninataka kuurekebisha.

Ng'ombe wangu alikufa kwa ndigana, ule ugonjwa wa kupe, mlikuja mkanipa pole. Banda tupu lilinisumbua kuliko msiba. Asubuhi naamka kwa mazoea, nachukua ndoo, nafika bandani, hakuna wa kukamua. Basi nikawa mtu wa kushika simu. Ndipo nikaona picha ya mtamba mweusi na mweupe, mwenye mimba, kiwele kimeanza kujaa. Anauzwa na shamba moja ng'ambo ya mpaka wa Namanga, kwa bei ambayo mnadani huikuti.

Nikaandika. Jibu likaja papo hapo: "Shikamoo mama." Ndugu zangu, nawaambia, shikamoo ile ndiyo iliyonimaliza. Nikajisemea, huyu kijana kalelewa. Akanitumia picha nyingine, ng'ombe anakula majani, na kando yake kibao chenye jina langu. Akasema amebaki huyo mmoja tu, na kuna mzee anamtaka jioni hiyo hiyo. Nikatuma nusu ya bei, hela yangu ya kahawa yote. Kabla haijaenda, simu ilinionyesha jina la mpokeaji, na lilikuwa jina la mtu, si la shamba. Niliona, na bado nikatuma.

Sasa nichekeni. Mimi ni Mmeru wa Kikwe, kuku wa kutaga simnunui mpaka nimempapasa. Marehemu mume wangu alikuwa akienda kumtazama ng'ombe mara mbili. Anamfungua mdomo aone meno, anabonyeza chuchu moja moja, anauliza habari za mama yake. Nilikuwa namtania kwamba anaposa. Lakini huyu wa kwenye simu sikuuliza hata jino.

Na hilo halikuwa kosa kubwa. Jumapili iliyofuata nilibeba mkungu wa ndizi na mayai, nikasimama hapa, nikamshukuru Mungu kwa ng'ombe ambaye bado hajafika. Nilisema amenipa, kana kwamba kashafungwa bandani. Baada ya ibada, ndizi zangu zikinadiwa pale nje, watatu kati yenu mkanifuata mkaomba namba ya muuzaji. Niliwapa haraka haraka.

Wiki ile ikaja hela ya kibali, nikatuma. Ikaja ya chanjo, nikatuma. Nikimwomba tupigiane video nimwone ng'ombe akitembea, anasema mtandao wa kule ni mbovu, ila ujumbe wa kudai hela haukuchelewa hata siku moja. Nilikuwa sikai. Nafagia banda, nafagia tena. Nikisikia gari natoka mpaka barabarani, narudi, uji umeungua.

Alhamisi asubuhi akaandika kwamba lori limeshavuka mpaka, nikalipokee pale Sakina, mjini. Nikaenda na kamba na fungu la majani, nikakaa mbele ya gereji moja. Kila lori linalotoka upande wa Namanga, nasimama. Mchana ukaingia. Fundi mmoja akanisogelea, mikono imejaa oili.

"Shikamoo mama. Unamsubiri nani na majani hayo?"

"Marahaba. Namsubiri ng'ombe."

Hakucheka. Akaomba aone simu, akasoma kimya. Akaniambia, "Mama, mimi walinipata kwa gia boksi. Picha yake nayo ilikuja na kibao chenye jina langu hivi hivi. Ngoja kidogo."

Akamwandikia muuzaji kwa simu yake mwenyewe, kwamba anatafuta mtamba. Hata hajairudisha mfukoni, jibu likaingia. Karibu kaka, amebaki huyu mmoja, kuna mzee anamtaka jioni. Chini yake picha ya ng'ombe wangu.

Wakati huo huo kwenye simu yangu nako ukaingia ujumbe: ng'ombe amezuiwa mpakani, nitume hela ya daktari wa mifugo ili aachiliwe. Asubuhi alikuwa ameshavuka. Na nawaambia ukweli, nilikuwa tayari kutuma tena. Niliogopa kurudi Kikwe na kamba mkononi. Fundi akaniuliza swali moja tu, "Mama, nani mwingine umempa namba hii?"

Nikawakumbuka ninyi watatu. Mlikuwa mmeniambia mngetuma siku ile. Na lilinipitia wazo baya, akina mama, nalisema mbele ya Mungu: wakitapeliwa na wao, sitakuwa mjinga peke yangu. Nikakaa na wazo hilo kwa muda ambao sitaki kuukumbuka. Kisha nikapiga simu.

Wa kwanza alikuwa hajatuma. Wa pili nilimkuta kwa wakala, yuko kwenye foleni, akatoka. Wa tatu alikuwa ametuma asubuhi. Akasema, "Nilituma kwa sababu ulisimama kanisani." Akakata.

Polisi walichukua maelezo, namba ile ikafungwa, hela haijarudi. Namshukuru yule fundi, ambaye hakunijua na hakunicheka. Nawashukuru ninyi mlionipa maziwa bila kunikumbusha habari za ng'ombe. Na ninachoomba mshike ni hiki: mtu akikuharakisha, jua hataki upate muda wa kumuuliza jirani. Basi muulize jirani. Usilipie mnyama ambaye hujamshika, hata anayekuuzia akikuamkia vizuri namna gani. Ukiwa umeshatuma, sema siku hiyo hiyo, kabla aibu haijakufunga mdomo.

Yule wa tatu yumo humu. Mwezi uliopita nilimwomba twende wote kununua mbuzi wa maziwa. Alimkamua mwenyewe mbele ya mwenye mbuzi, akamtembeza, akamwangalia meno. Nililipa mimi, na mbuzi yuko kwake. Hatoshi kufidia alichopoteza, na sote wawili tunajua.

Njiani kurudi nilimwambia jambo ambalo nilikuwa sijamwambia mtu. Muuzaji alikuwa ameniahidi kunipunguzia gharama ya usafiri kwa kila mteja nitakayemletea. Ndiyo maana namba niliitoa haraka vile. Alisimama na mbuzi wake, akanitazama.

"Hilo ukaliseme pale pale uliposemea lile la kwanza," akasema.

Basi nimelisema.