Wote Walikimbia, Mmoja Akabaki

Ndugu zangu wa Mweso, sifa zimrudie Yesu! Itikieni kwa nguvu, tafadhali. Mimi siwaoni, kwa sauti zenu njo najua kama mumekuja. Amina!

Naitwa Innocent. Nilizaliwa Bihambwe, na surua ikanichukua macho nikiwa bado mtoto. Leo nataka kusema neno ambalo sijawahi kulisema mbele ya watu. Bwana aliniokoa Kinshasa, katikati ya uwanja wa michezo, nikiwa nimelala chini kifudifudi.

Wazazi wetu walipokufa, nilikaa kwa kaka yangu mukubwa, Deo. Mke wake alinipikia, watoto wake walinishika mkono kwenda shambani. Nilipura maharage, nilimenya mihogo, nilikijua kilima chetu chote kwa nyayo zangu. Sikuwa mzigo, ao nilifikiri hivyo.

Asubuhi moja risasi zikaanza upande wa juu. Munaijua sauti ile, siwezi kuwaeleza. Deo akawabeba watoto wadogo, na mlangoni akanipigia kelele: "Innocent, bakia hapa! Nikifikisha batoto, ntarudia kukubeba!"

Nikasikia miguu yake ikishuka kilima. Nikasikia majirani, mbuzi, masufuria yakigongana, mtoto mmoja akiita mama yake. Kisha, ndugu zangu, hakuna. Kijiji kizima kilinyamaza. Nilikaa na mgongo ukutani, nikangoja. Kuku wa jirani aliingia, akadonoa punje za mahindi karibu na mguu wangu, akatoka. Nilimwita arudi. Nilimwita kuku, Mungu wangu! Mvua ikanyesha, ikakatika, ikanyesha tena. Deo hakurudi. Wamama waliokuja kuchimba mihogo kwa kujificha njo walinikuta, nikiwa sina nguvu ya kusimama, wakanileta mpaka hapa Mweso, katika kambi ya waliokimbia vita.

Toka siku ile sikumpa mtu yeyote mkono wangu. Mtu akitaka kunivusha barabara, nilijivuta. Niliingia kwenye mifereji, niligonga paji la uso kwenye nguzo, lakini mkono sikuutoa. Nilisema moyoni: mkono wa mtu unakushika wakati wa amani tu. Hata hapa kanisani nilikuja, niliimba, lakini niliimba peke yangu katikati yenu.

Mawazo yaliponizidi, nilifunga kamba kwenye mti nyuma ya kambi, nikashika ncha yake na kukimbia kuuzunguka mti, kama mbuzi aliyefungwa, mpaka nichoke. Hapo njo Mama Georgette alinikuta. Yeye alikuwa akiwafundisha michezo watu wenye ulemavu.

"Papa," akaniambia, "weye uko na miguu. Mbona unaizungusha bure?"

Akanieleza kwamba kipofu anaweza kushindana mbio pamoja na mtu anayeona, wamefungwa mkono kwa mkono na kamba fupi. Nilikataa. Alirudi. Nilikataa tena. Alirudi na Faustin, muntu wa Itebero, aliyezoea kubeba mizigo kwa miguu katika msitu wa Walikale. Faustin hakuwa na maneno mengi.

Nilimwambia: "Kamba, nakubali. Mukono, hapana."

"Sawa, Papa," akajibu. "Kamba."

Upande wake alifunga kabisa. Upande wangu nilifunga fundo ambalo naweza kulifungua kwa kidole kimoja.

Tulijifunza, na Mungu akatupa mbio. Wakati huo vita ilikuwa haijafunga uwanja wa ndege wa Goma. Tukachaguliwa kwenda Kinshasa, kwenye mashindano ya taifa ya wanamichezo wenye ulemavu. Ndugu zangu, kule nilisikia mambo! Magurudumu ya viti, magongo, mipira yenye kengele ndani, watu wa kila jimbo wakiimba nyimbo za kwao. Joto, na Kilingala pande zote. Jioni, katika chumba cha kulala, simu zililia: huyu anaitwa na mke wake, yule na mama yake. Mimi nilikaa kitandani na viatu miguuni, nikisikiliza jinsi watu wengine wanavyoulizwa kama wamekula. Katika nchi nzima hakukuwa na mtu wa kuniuliza.

Siku yetu ikafika. Tukasimama kwenye mstari. Nyumbani tulianza kwa makofi ya Mama Georgette. Hakuna aliyeniambia kwamba kule wanaanza kwa bastola.

Pa!

Nilianguka. Sijui niliifunguaje kamba; kidole kilijua chenyewe. Nilijibana na ardhi, nikasikia miguu ya wote ikienda, ikienda mbali, na nikajua: nimebaki tena. Nilikuwa Bihambwe, ndugu zangu! Nilisikia mpaka yale masufuria.

Kisha nikasikia pumzi karibu na sikio langu. Faustin alikuwa amelala chini kando yangu, kifua ardhini.

"Papa Innocent, ni mimi. Niko hapa."

"Kimbia!" nikamwambia. "Weye uko na macho, kimbia!"

"Nikimbie niende wapi? Ni weye njo nilikuja nawe."

Nililia. Mwanaume mzima, mbele ya uwanja uliojaa watu, nililia kama mtoto wa kunyonya. Yeye hakunivuta, hakuniharakisha. Alilala tu pale pale, na alama za chokaa zikimpaka nguo, mpaka nikamaliza kulia.

Nikamwuliza: "Benzetu?"

"Bamekwisha kufika."

"Basi tumeshindwa."

"Njo vile, Papa, tumeshindwa. Lakini mustari wa mwisho uko bado pale mbele."

Nikanyoosha mkono. Si kamba, ndugu zangu. Mkono! Akaushika. Tukatembea, kisha tukakimbia. Wanasema watu walisimama na kupiga makofi. Mimi sikuwasikia. Nilisikia hatua za mtu mmoja kando ya hatua zangu.

Medali sikuleta. Kwa sababu kamba ilifunguka, hata kuhesabiwa hatukuhesabiwa. Lakini siku hiyo Bwana alifungua kifua changu. Niliomba, na kwa mara ya kwanza nikamwombea Deo badala ya kumshtaki. Labda alianguka njiani na wale watoto mgongoni. Labda alirudi, akakuta nyumba tupu, akalia kuliko mimi. Mpaka leo sijui. Faustin amerudi Itebero, na simu haishiki kule. Kuna siku ukimya ule unanijia tena, siwadanganyi. Lakini nawapa watu mkono. Namshukuru Mama Georgette, namshukuru Faustin, na juu ya wote namshukuru Yesu, aliyekubali kulala chini pamoja nasi wakati wenye nguvu wamekwisha kupita.

Sasa neno langu la mwisho ni la mtu mmoja. Ndugu yangu wa magongo, unayeingia nyimbo zikishaanza na kutoka kabla ya baraka, nakusikia kila siku ya Mungu. Unakaa karibu na mlango, na hakuna anayekaa kando yako. Hapa kwenye benchi yangu iko nafasi. Kuja. Sitakuuliza mguu ulienda wapi. Mtumaini Bwana leo, hata kidogo, hata kwa siku hii moja. Na ibada ikiisha, usitangulie kutoka. Tungojane.