Maombi Kupitia Ukuta wa Jikoni

Ndugu zangu, ketini mstarehe, hata nyinyi wa nyuma ambao viti vyenu vina miguu mitatu na imani. Mchungaji amenisimamisha kabla hatujaanza wiki yetu ya kufunga na kumngojea Roho Mtakatifu, nieleze jinsi Mungu alivyonitayarisha mimi. Amesema niwe mfupi. Sasa mnanijua. Nilimaliza kidato cha nne kwa masomo ya jioni, nikiwa tayari baba wa watoto watatu, na mtu aliyesoma hivyo akipewa kipaza sauti hakirudishi kwa urahisi.

Hapa Kitale mnanijua kama fundi wa makochi. Lakini zamani nilikaa Bungoma mjini, na kanisani kwetu nilikuwa kiongozi wa kundi la kuombea wagonjwa. Ndugu zangu, nawaambia, niliomba. Nikianza kukemea, ng'ombe wa jirani waliacha kutafuna. Siku moja treni ya mizigo ilipita ikipiga honi, na watu wakadhani ni mimi.

Halafu ndugu yangu mdogo akaugua, akalazwa. Nilienda kila siku, nikashika kitanda chake kwa mikono miwili, nikaomba mpaka wauguzi wakanifungia mlango. Nilikuwa na hakika. Nilikuwa na hakika kiasi kwamba nilimpigia mama yetu simu nikamwambia, "Mama, pika. Jumapili tunarudi naye nyumbani." Mama akaniamini. Akachinja kuku.

Jumamosi ndugu yangu akafa. Kuku yule walimla waombolezaji.

Sikulia. Mimi ndiye niliyeendesha matanga. Nilipanga viti, nikapokea wageni, nikachekesha watu ili wasizidiwe, na kila mtu akasema, "Huyu ni mwanamume wa imani." Jumapili iliyofuata nikaitwa mbele kumwombea mtoto mwenye homa. Nikafungua mdomo. Hakuna kitu. Ulimi ulikuwa mkavu kama ugali wa juzi. Washirika wakadhani nimezama sana katika Roho, wakaanza kuitikia Amina kwa nguvu. Nikakohoa, nikarudi kukaa.

Tangu siku hiyo sikuweza kuomba, hata kwa chakula. Nyumbani nilikuwa nawaambia watoto, "Leo ni zamu yenu," na ikawa zamu yao kila siku mpaka wakashangaa. Nikahamia huku Kitale nikisema kazi ya makochi ni nzuri, na kweli ni nzuri, lakini ukweli ni kwamba nilikimbia. Nikienda Bungoma kununua vitambaa nilizunguka mtaa mzima ili nisipite mbele ya lango la hospitali.

Lakini kiu ilikuwapo. Mtu aliyewahi kuomba akikosa maombi ni kama amekatwa mkono, bado anaenda kuushika. Nikajiambia, shida ni moja tu, nguvu zangu zilikuwa kidogo. Ningekuwa na nguvu zaidi, ndugu yangu angekuwa hai. Basi nikaenda kuzitafuta. Hakuna mkutano wa injili kati ya hapa na Bungoma uliofanyika bila mimi. Nilipakwa mafuta mpaka ungeweza kunikaangia mandazi. Nilifunga mpaka mshipi ukaisha matundu, nikatoboa lingine kwa msumari wa makochi. Mhubiri mmoja alinisukuma kipaji cha uso nianguke, na nikaanguka, kwa adabu tu, maskini asiaibike mbele ya watu. Nikainuka, nikajipangusa vumbi, nikarudi nyumbani nikiwa mkavu vilevile.

Ndipo mke wangu akaniambia, "Baba watoto, mama yangu amesema uende kwetu Myanga akuombee."

Wageni walio hapa niwaeleze kidogo, msije mkacheka mahali pa kulia. Kwetu Wabukusu, mwanamume na mama mkwe wake wanaheshimiana kwa kukaa mbali. Hamsalimiani kwa mkono, hamkai nyumba moja, na mkikutana njiani mmoja anaingia kwa mahindi. Nimeoa miaka mingi, na mama mkwe wangu namjua zaidi kwa mgongo. Na mama huyo ni mwombaji. Watu wanatoka Bumula kwa miguu kuja kuombewa naye.

Nikamwambia mke wangu, "Ataniombeaje? Mimi nitapiga magoti wapi, Malaba mpakani?"

"Yeye ana mdomo na wewe una masikio," akasema. "Ukuta utakaa katikati."

Tukaenda. Nikawekewa kigoda nje, mgongo ukiangalia ukuta wa jiko. Mama mkwe alikuwa ndani kando ya moto. Mke wangu akasimama mlangoni, amfikishie mama maneno yangu na anifikishie mimi ya mama, ingawa tulisikiana vizuri kabisa. Mjomba wake mzee alikuwa pale uani anapukuchua mahindi, macho chini, masikio juu.

Mama akasema kutoka ndani, "Muulize huyo mkwe anataka nini kwa Mungu."

"Mama anauliza unataka nini," akasema mke wangu.

"Mwambie nataka nguvu zaidi. Za kuponya wagonjwa. Za kusimama mbele ya watu na wasikie kwamba Mungu yupo."

Nikasikia kuni zinavunjwa.

"Muulize, huyo ndugu yake aliyekufa, amemlilia?"

Mke wangu hata hakurudia. Aliniangalia tu. Nikasema, "Mwambie nilikuwa na kazi ya kuendesha matanga."

"Sikuuliza kazi," akasema mama. Na hapo, ndugu zangu, akaacha kumpitia binti yake, akaongea na ukuta moja kwa moja. "Mtu akija hapa kuchota maji na mtungi umejaa, namwambia aende amwage kwanza. Wewe umejaa. Una neno na Mungu, umelifungia ndani tangu matanga, na kila siku unamwomba aongeze kitu juu yake. Ataongezea wapi? Mwambie hilo neno."

Mjomba akaacha kupukuchua.

Nikasema siwezi kumwambia Mungu neno la namna hiyo, ni kukosa adabu. Mama akacheka huko ndani, akasema, "Kwani unadhani hajalisikia? Anangoja wewe ulisikie."

Basi nikafungua mdomo. Sikukemea, sikupanda sauti. Nikasema, "Bwana, nilikuomba umponye. Nilimwambia mama apike. Ulijua hutamponya, ukaniacha nimwambie mama apike. Kwa nini?" Ndiyo yote. Hayo ndiyo maombi yangu ya kwanza tangu kifo kile, na hayana hata Amina.

Kisha nikalia. Sikulia kama mwanamume wa imani. Nililia kama ndama aliyeachwa, mpaka nikateleza kutoka kwenye kigoda nikakaa chini kwa mavumbi. Nadhani nilisikika mpaka mpakani, na maafisa wa forodha wakapekua mizigo upya.

Nikiwa hapo chini nikahisi mikono miwili kichwani. Mizito, ina joto la moto, inanukia moshi. Nikadhani ni mke wangu. Nikafungua macho nikaona miguu. Haikuwa miguu ya mke wangu.

Mjomba akasimama, mahindi yakamwagika. "We mama, huyo ni mkwe."

"Namjua," akasema mama. "Ulidhani nimeshika gunia?"

"Ati umemshika kichwa kabisa."

"Nikimaliza nitaachilia. Mwacheni."

Sasa fikirieni hali yangu. Kila mfupa uliniambia kimbia. Lakini mtu anakimbiaje na mikono ya mama mkwe kichwani? Nikabaki. Na mama akaomba, ombi fupi kuliko yote niliyowahi kuombewa: "Bwana, huyu sasa amebaki mtupu. Uje ukae." Akaondoa mikono, akarudi jikoni kuangalia sufuria.

Wazee wa boma walikutana jioni ileile kwa sababu ya mikono hiyo. Wakaamua nililetee boma blanketi ili mambo yatengenezwe, na heshima irudi mahali pake. Mjomba akaongeza, "Na liwe zito. Siku hizi Myanga kuna baridi." Nililipeleka, ndugu zangu, na ni zito kweli. Hata ng'ombe akilivuta atahema.

Najua mnataka kuuliza kama moto ulishuka. Nitawaambia ukweli: siku ile nilihisi njaa. Nilikula sahani ambayo wenyeji bado wanaizungumzia. Lakini asubuhi yake, nikiwa karakana nagonga mbao, nikajikuta naongea na Mungu. Sikuwa nimepanga. Nilikuwa namweleza habari za ndugu yangu, jinsi alivyokuwa anaiba sukari, na nikacheka, na sikuwa peke yangu mle karakana. Siwezi kulieleza zaidi ya hapo. Mliowahi kukaa naye mnajua.

Wiki ile nilienda Bungoma kununua vitambaa, na miguu ikaanza kuzunguka mtaa kama kawaida. Nikasimama. Nikasema, "Bwana, twende wote." Nikapita langoni, nikaingia wodi ileile. Kwenye kitanda kilekile alilala mzee ambaye hakuwa na mtu. Nikashika kitanda kwa mikono miwili, nikaanza kuomba, na bila kujua sauti ikaanza kupanda kidogo.

Mzee akafungua jicho moja. "Kijana, polepole. Mimi nimevunjika nyonga, sijavunjika masikio."

Nikacheka, naye akacheka akishika nyonga. Nikaketi kando yake, nikamwuliza kwanza ana neno gani na Mungu. Alikuwa nalo. Alilisema mpaka chai ikaletwa. Nilipoinuka akanishika kitambaa nilichonunua, akasema, "Utarudi lini?" Jumamosi hiyo nikarudi. Na Jumamosi nyingine. Wengine niliowaombea pale walienda nyumbani wakitembea, wengine tuliwazika. Nawaombea wote. Nguvu nilizoomba ili nisishindwe tena, Mungu alinipa ili niweze kubaki kando ya kitanda cha mtu hata nisipojua mwisho wake. Ni nyingi kuliko za zamani, hizi. Wakati ule nisingeweza.

Namshukuru mke wangu, aliyebeba zamu yangu ya maombi akiwa na watoto, na hakuniuliza. Nawashukuru watoto. Nawashukuru wazee wa Myanga kwa hukumu yao ya blanketi. Na mama mkwe wangu, ambaye leo amekuja na ameketi upande ule ambao siuangalii: Mungu akupe maisha marefu, mama.

Kesho tunaanza kufunga. Tutaomba tujazwe, na ni vizuri tuombe, hata wanafunzi waliambiwa wangoje. Lakini usiku wa leo usianze na kelele. Kama kuna neno umemfungia Mungu, la mtoto, la ndoa, la kaburi fulani, mwambie hilo kwanza, kwa maneno yako ya nyumbani.

Haya, wimbo usianze bado. Wenye maneno ya kuimba wasimame. Wenye midomo mikavu wabaki wameketi, na sisi tulio karibu nao tutaketi nao.