Sahani ya Bi Mwanasaumu

Feri ilikuwa ndiyo kwanza imeacha Likoni, na dada aliyeketi mbele yangu, wa bara kwa lafudhi yake, akamuuliza bibi wa kando yake kama haogopi kuishi peke yake. "Mimi mlango wangu una kufuli tatu, nyanya, na bado silali."

"Mie nna sahani," bibi akajibu.

Kila alasiri, akasema, humpelekea jirani mmoja chakula: leo mbaazi, kesho viazi vya nazi. "Na sahani kwetu hairudishwi tupu, mwanangu. Huja na kitu, tena huja na mtu. Mwezi uliopita niliteleza chooni, wallahi sikuweza kuinuka. Alonikuta alikuja kurudisha sahani."

Miaka thelathini nimekula vya majirani nikidhani ule ni ukarimu tu.

"Na asiyerudisha?" dada akauliza.

"Humfuata. Mie si malaika."

Dada akacheka, akashikilia kwamba kufuli ni kufuli. Feri ikagusa ng'ambo. Bibi akatoa kikapuni sahani ya mahamri iliyofungwa kwa leso, akampakatisha. "Naitaka kesho."

"Lakini kwako sikujui!"

"Mtongwe, kwa Mwanasaumu. Usimuulize mmoja, uliza wengi, wakujue."