Alama ya Fundi Kufuli

Fundi kufuli alikuwa anakwenda polisi kwa hiari yake mwenyewe, tena kavaa shati lake la kutokea. Mama mfua nguo aliyekaa naye kwenye basi akamtazama juu mpaka chini. "Baba, unakwenda kuposa?"

"Polisi, mama, kumalizia maelezo tu. Duka limeibiwa, mwizi kaacha ufunguo mlangoni. Nilipoonyeshwa nikaona alama ninayochonga kwenye funguo zangu zote, nikasema hii ni kazi ya mikono yangu."

"Ukajisifu!"

"Kazi nzuri haikataliwi. Mteja alitaka ufunguo wa pili nikamchongea. Mlango wake uko wapi, mimi siulizi."

"Na hayo ya mteja waliyaandika?"

Fundi akakuna kidevu. Karatasi aliyotia saini ilikuwa na mistari miwili, na katikati nafasi tupu ya kumlaza ng'ombe. Askari, mtu mpole kweli, alisema atajaza mwenyewe.

Mama akaacha utani. "Mwanangu, mume wangu alijaziwa hivyo hivyo. Mwaka wa sita huu yuko ndani. Una haki ya kusomewa kila neno kabla ya saini, na ya kunyamaza mpaka upate wakili. Usishuke hapo polisi. Kituo cha basi cha mbele kuna mawakili wa bure."

"Nisipofika watasema nimetoroka. Na asiye na hatia anaogopa nini?"

"Kalamu."

Basi likasimama nje ya polisi. Yule askari alikuwa kituoni tayari, akitabasamu, akamnyooshea fundi mkono amsaidie kushuka.